Somo: Kuipa Kompyuta ya DOS Programu Mpya ya Mtandao



Somo la robo hii linahusu kompyuta ambayo wengi wangependa kuisahau. Ni ile iliyoletwa ofisini miaka ya 1980 au mwanzoni mwa miaka ya 1990, yenye skrini nyeusi na maandishi ya kijani au meupe. Inaendeshwa kwa DOS. Huenda imefunikwa kitambaa pembeni mwa chumba, nayo bado inawaka. Ndani yake mna orodha ya ubatizo, hesabu za mradi wa maji, majina ya wanachama wa kikundi cha mikopo, au kadi za wagonjwa wa zahanati, vyote vikiwa vimeingizwa kwa programu kama dBase au Clipper. Flopi za akiba zimeota ukungu. Na diski kuu ya umri huo haipigi hodi siku inapokufa.

Swali linalofika mbele ya kamati huwa hivi: je, tuiwekee programu mpya ya mtandao ili izungumze na kompyuta nyingine, au tuiache? Jibu letu tunalitoa mapema. Inawezekana kuipa DOS programu mpya ya mtandao, tena bila kununua leseni, na kazi yake halali ni moja: kuyatoa mafaili yaliyomo yakiwa salama. Kuiingiza kompyuta hiyo kwenye intaneti ni jambo jingine, na tunashauri lisifanywe hata kama fundi anaweza kulifanya. Yaliyobaki katika somo hili ni kueleza sababu na njia.

DOS haikuzaliwa na mtandao

Kompyuta ya kwanza ya IBM iliyotumia DOS ilitolewa Agosti 1981. TCP/IP, yaani utaratibu wa mawasiliano ambao leo kila simu ya mkononi inautumia, ulianza kutumika rasmi kwenye mtandao wa utafiti wa Marekani ulioitwa ARPANET tarehe 1 Januari 1983. Basi DOS ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, meza moja na printa moja. Haiulizi neno la siri. Haijui aliyeketi mbele yake ni mhasibu au ni mtoto aliyeingia kucheza. Hata MS-DOS 6.22 ya mwaka 1994, toleo la mwisho lililouzwa peke yake, haikuwa na TCP/IP ndani yake. Aliyetaka mtandao alitafuta programu ya pembeni na kuiongeza mwenyewe.

Hapa kwetu Afrika Mashariki mashirika mengi yalitumia njia nyingine kabisa. Mwaka 1984 Tom Jennings, wa San Francisco, alianzisha FidoNet, ambapo kompyuta za DOS zilipigiana simu usiku, zikapokezana furushi la barua, kisha zikakata simu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Nairobi ilikuwa na kituo cha namna hiyo kilichohudumia mashirika yasiyo ya kiserikali, na GreenNet ya London ilisaidia kuzipokea na kuzipeleka barua za vituo vya Afrika. Shirika la SatelLife la Boston, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, liliwafikishia wahudumu wa afya wa Afrika barua na makala za tiba kupitia HealthNet. Lilitumia simu na vilevile setilaiti ndogo. Moja yao, HealthSat-2, ilirushwa Septemba 1993. Ndiyo maana ukifungua kompyuta ya ofisi ya miaka hiyo unaweza kukuta modemu, usikute kadi ya mtandao. Haikuwa uzembe wa aliyeinunua. Wakati ule simu ndiyo iliyokuwa barabara.

Karani wa masjala

Ili kuelewa kwa nini programu iliyoandikwa juzi inaweza kufanya kazi kwenye mashine ya zamani, fikirini masjala ya ofisi kubwa. Karani wa masjala hupokea bahasha na kutoa bahasha. Hasomi kilichomo. Kazi yake ni kujua mlango, mkoba na ratiba ya tarishi. Maofisa wa ndani wanaweza kustaafu na kubadilishwa, karani akabaki palepale, na barua zikaendelea kufika.

Katika miaka ya 1980 kila kampuni ilitengeneza kadi yake ya mtandao kwa namna yake, na kila programu ililazimika kuijua kila kadi. Hali hiyo ilikuwa ghali na ya kuchosha. Kampuni ya Marekani iliyoitwa FTP Software ikatoa kanuni za kipande kidogo cha programu tunachoweza kukiita kiendeshi cha pakiti. Kiendeshi hicho ndicho karani wetu. Kinaijua kadi moja tu, kinakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kinazipokea na kuzitoa pakiti kwa programu yoyote inayogonga dirisha lake. Dirisha hilo lina namba. Mara nyingi ni 0x60. Russell Nelson na wenzake walikusanya viendeshi vya kadi za kila aina, na mkusanyo huo ukajulikana kwa jina la Crynwr. Ulisambazwa pamoja na msimbo wake, kwa hiyo hadi leo unapatikana.

Hapo ndipo ufunguo wa jambo zima ulipo. Kwa kuwa kazi ziligawanywa vizuri tangu mwanzo, huhitaji kubadilisha kila kitu. Kiendeshi cha mwaka 1990 kinabaki, na programu iliyo juu yake inawekwa mpya.

Programu mpya yenyewe

Programu tunayoizungumzia inaitwa mTCP. Imeandikwa na Mmarekani Michael Brutman, ambaye alianza kazi hiyo kwa ajili ya kompyuta ya IBM PCjr, mashine ndogo ya mwaka 1984. Mwaka 2011 aliutoa msimbo wake kwa leseni huria ya GPL toleo la 3, na ameendelea kuirekebisha hadi miaka hii ya 2020. Inafanya kazi hata kwenye kompyuta yenye kichakato cha 8088, yaani kile kile cha IBM ya mwaka 1981. Ndani yake mna programu ndogo ndogo kadhaa: ya kuomba anwani kwa ruta, ya kupima kama upande wa pili unasikia, ya kutuma mafaili, ya kuyapokea, na ya kusahihisha saa. Mwaka 2023 iliongezwa nyingine iitwayo NetDrive, inayoiwezesha DOS kuona faili lililo kwenye kompyuta nyingine kana kwamba ni diski yake yenyewe.

Kama DOS yenyewe imeharibika na flopi zake asilia zimepotea, ipo FreeDOS, iliyoanzishwa na Jim Hall mwaka 1994. Nayo ni huria, na toleo lake la 1.4 lilitoka Aprili 2025. Msikubali kuuziwa nakala ya "DOS halisi" na mtu wa dukani.

Jaribuni njia fupi kwanza

Kabla ya kugusa mtandao, fundi aseme ni diski ya aina gani iliyo ndani. Kama ni IDE, ile yenye waya mpana wa pini 40, inaweza kuchomolewa na kusomwa kwenye kompyuta ya kisasa kwa kiunganishi kidogo cha USB. Hapo kazi inakwisha bila TCP/IP wala karani, na sisi tungeanza na njia hiyo siku zote.

Tatizo liko kwenye mashine za zamani zaidi. Diski zake zina nyaya mbili, moja pana na moja nyembamba, na hazisomeki bila kadi yake iliyomo kwenye kompyuta ileile. Kuna pia kompyuta za mkononi za wakati ule ambazo kuzifungua ni kuzivunja. Hizo ndizo zinazohitaji mtandao. Tufanye hesabu: diski ya MB 20 ikinakiliwa kwa flopi za KB 360 inahitaji flopi 57, na kila moja lazima iwe nzima. Kwa waya wa modemu, kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, ni takriban saa sita, na umeme usikatike. Kwa kadi ya mtandao ni kazi ya dakika chache.

Namna ya kuifanya

Kadi iliyo rahisi kupata ni ile ya aina ya NE2000. Jina hilo ni la kadi ya Novell, lakini iliigwa na watengenezaji wengi, na kiendeshi kimoja hutumika kwa nyingi kati yao. Iangalieni nyuma kabla ya kulipa. Kadi nyingine za miaka hiyo zina tundu la duara tu, la waya kama wa antena ya televisheni, ambalo swichi za leo hazinalo. Mnahitaji yenye tundu la pembe nne, linalofanana na la simu ya mezani ila pana zaidi. Kasi yake ni megabiti 10 kwa sekunde, nayo swichi nyingi za kisasa bado zinaielewa. Kwa kompyuta ya mkononi isiyo na nafasi ya kadi, kampuni ya Xircom ilitengeneza vifaa vya kuchomeka kwenye tundu la printa, navyo vina kiendeshi chake.

Nunueni pia swichi ndogo ya bei nafuu ambayo haitaunganishwa na kitu kingine chochote. Kwenye swichi hiyo zikae kompyuta mbili tu: ya zamani, na ya kisasa itakayopokea mafaili, ikiwa imezimiwa Wi-Fi. Ruta ya ofisi isiwemo. Sababu tutaieleza chini.

Programu zinazohitajika ni chache, na zinaingia kwenye flopi moja. Ugumu ni kuipata flopi yenyewe na kifaa cha kuiandikia. Vile vya USB vinaandika flopi ndogo za inchi 3.5 tu. Kama kompyuta yenu inasoma zile pana za inchi 5.25, mtahitaji mashine ya kati yenye vifaa vyote viwili. Hapa ndipo kazi nyingi zinapokwama, si kwenye programu. Ulizeni shule na ofisi za jirani kabla hamjaagiza kitu kutoka mbali.

Programu zikishaingia, fundi anamwita karani kwanza. Kwa kadi ya NE2000 amri huwa kama hii:

NE2000 0x60 3 0x300

Namba ya kwanza ni dirisha la karani. Ya pili na ya tatu ni namna kadi inavyojulikana ndani ya kompyuta, na lazima zilingane na jinsi kadi ilivyopangwa, ama kwa vijiti vidogo vilivyo juu yake ama kwa programu yake. Zikikosewa, kiendeshi kinaweza kugoma kukaa, au kikakaa na mtandao ukawa bubu. Fundi asiye na subira atasema kadi ni mbovu. Mwambieni apime upya namba hizo kwanza, kwa sababu namba 3 mara nyingi imeshachukuliwa na tundu la pili la modemu.

Kisha anaandika faili dogo la maelezo, tuseme TCP.CFG, lenye mistari mitatu:

PACKETINT 0x60
IPADDR 192.168.50.2
NETMASK 255.255.255.0

Kompyuta ya kisasa inapewa 192.168.50.1. Anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa mitandao ya ndani, hivyo hamtamwingilia mtu. Amri ya SET MTCPCFG=C:\MTCP\TCP.CFG inaiambia programu mahali faili hilo lilipo. Baada ya hapo anaandika PING na anwani ya upande wa pili. Jibu likirudi, kazi kubwa imekwisha. Lisiporudi, mlinzi wa kompyuta ya kisasa anaweza kuwa ndiye anayezuia, na si lazima kosa liwe kwa DOS.

Sasa inawashwa FTPSRV, inayoigeuza kompyuta ya zamani kuwa seva ya mafaili. Mpeni mtumiaji mmoja tu, na neno la siri ambalo halitumiki mahali pengine popote. Kwenye kompyuta ya kisasa tumieni programu maalumu ya FTP kama FileZilla, kwa kuwa vivinjari vya Firefox na Chrome viliacha kuielewa FTP mwaka 2021. Jambo moja la kushikilia: mafaili yatolewe kwa namna ya "binary", yaani baiti kwa baiti bila kuguswa. Ukichagua namna ya maandishi, mwisho wa mistari unaweza kubadilishwa njiani, na faili la dBase linafika limeharibika huku jina lake likiwa zima.

Saa nayo iangaliwe. Betri ya ndani ikishakufa, DOS huamka ikidhani ni tarehe 1 Januari 1980. Andikeni tarehe sahihi kwa amri ya DATE kabla ya kufungua rejista yoyote, la sivyo kila faili mtakaloligusa litaonekana la mwaka huo.

Kwa nini isiunganishwe na intaneti

Wapo watakaouliza: ikiwa kadi inafanya kazi, kwa nini tusiichomeke kwenye ruta, karani wa ofisi akasomea barua pepe hapo hapo? Kwanza, haitasaidia. Tovuti na huduma za barua pepe za leo hudai mazungumzo yafungwe kwa siri, kwa utaratibu uitwao TLS. Hata matoleo ya TLS 1.0 na 1.1, ambayo ni mapya kuliko mashine hizi, yaliondolewa rasmi mwezi Machi 2021. Programu za mTCP hazina usimbaji huo, na kichakato cha 8088 kingetumia muda mrefu mno kufanya hesabu zake.

Pili, FTP hupeleka neno la siri na mafaili yenyewe wazi, kama kadi ya posta. Kwenye waya wa mita mbili ndani ya chumba kilichofungwa si neno. Kwenye mtandao wa ofisi ambao wageni nao wanapewa neno la siri la Wi-Fi, ni kuweka kadi za wagonjwa mezani mlango ukiwa wazi. Kumbukeni pia kwamba sheria zimebadilika tangu kompyuta hiyo inunuliwe. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Kamati inayotunza majina, maradhi na madeni ya watu inaguswa nazo, hata kama rejista iliandikwa zamani.

Tatu ni hatari ambayo tungependa ieleweke vizuri kuliko zote, maana inakuja ikiwa imevaa sura ya msaada. Microsoft iliwahi kutoa programu yake ya mtandao kwa ajili ya MS-DOS. Inaunganisha, lakini kwa utaratibu wa kushirikiana mafaili wa zamani, wa ukoo wa SMB toleo la kwanza. Kompyuta za Windows za leo zimeuweka pembeni. Tangu toleo la Windows 10 la mwishoni mwa mwaka 2017 hauwekwi tena kama kawaida. Fundi anaweza kusema, "Nitauwasha tu kwenye seva, mashine yenu ya zamani itaonekana." Ni kweli itaonekana. Lakini tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita duniani kwa kutumia udhaifu wa utaratibu huo huo katika Windows. Huko Uingereza kiligusa taasisi za hospitali za umma zisizopungua 80 kati ya 236, miadi ikafutwa na wagonjwa wakaelekezwa kwingine. Dawa ya udhaifu ule ilikuwa imetolewa tangu Machi mwaka huo. Waliokuwa hawajaiweka ndio walioumia.

Angalieni basi jinsi madhara yanavyotembea. Hakuna mtu aliye mbali anayejishughulisha na DOS yenu. Ni ile kompyuta mpya, ya mhasibu, iliyolegezwa kufuli ili imwelewe mzee, ndiyo inayoachwa wazi. Kwa hiyo fundi akipendekeza kulegeza kompyuta mpya kwa ajili ya ya zamani, kamati ikatae. Iliyo ya zamani ndiyo iongezewe programu, kwenye swichi yake ya peke yake, kwa siku moja au mbili.

Neno kwa wafadhili

Tunajua baadhi yenu huandika mkiuliza kama mtume kompyuta zilizotumika. Kwa kazi ya namna hii kinachokosekana mara nyingi ni vitu vidogo: kadi moja ya mtandao, kifaa cha kuandikia flopi, swichi, diski mbili mpya za kuhifadhia nakala, na malipo ya fundi anayekubali kukaa siku mbili bila kuharakishwa. Hilo la mwisho ndilo huachwa nje ya bajeti. Vifaa vina risiti, lakini subira ya fundi haina.

Na kwa kuwa programu zenyewe ni za bure, tuwakumbushe habari ya Peter Tattam wa Tasmania, Australia. Katika miaka ya 1990 aliandika Trumpet Winsock, programu iliyowaingiza watu wengi mno kwenye intaneti kutoka kwenye Windows 3.1, ambayo nayo ilikaa juu ya DOS. Aliiweka kwa masharti kwamba anayeendelea kuitumia alipe ada ndogo. Wengi waliitumia wasilipe, na magazeti ya kompyuta yaliisambaza kwenye diski zao bila yeye kupata kitu. Mwaka 2011 ndipo habari yake ilipojulikana upya, na watumiaji wa zamani wakaanza kumtumia michango kwa hiari, baada ya zaidi ya miaka 15. Hatusemi mTCP ina deni la namna hiyo. Leseni yake inaruhusu matumizi yetu. Lakini mfadhili akitaka kujua ni nani hasa amewezesha rejista ya parokia kuokoka, katika orodha hiyo wamo watu wachache walioandika viendeshi na programu usiku baada ya kazi zao, nao hawajawahi kuandikiwa barua ya shukrani.

Mafaili yakishatoka

Kunakili si mwisho. Pamoja na kila faili la .DBF angalieni kama kuna la jina lilelile lenye .DBT, kwa kuwa humo ndimo maelezo marefu yanamokaa, na likiachwa nyuma mtabaki na majina bila habari zao. Kwenye kompyuta ya zamani fungueni rejista kwa dBase, andikeni COUNT, na mwandike namba inayotokea kwenye daftari. Kisha fungueni nakala kwenye kompyuta mpya; LibreOffice inasoma mafaili ya .DBF, na huuliza ni seti gani ya herufi itumike. Jaribuni 437 au 850 mpaka majina yenye alama yasomeke sawasawa. Linganisheni idadi.

Ikitokea nakala ina majina mengi kuliko mlivyotarajia, msishtuke wala msifute haraka. Katika dBase, kufuta ni kutia alama tu. Jina linabaki kwenye faili mpaka mtu atoe amri ya PACK, na programu nyingine huyaonyesha yote. Huenda humo mkakuta wanachama waliotolewa miaka ishirini iliyopita, na mikopo yao. Uamuzi juu ya majina hayo ni wa kamati nzima, uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kwa maana mwenye kibarua cha kunakili hapaswi kuamua ni nani alikuwapo na nani hakuwapo.

Wekeni nakala mbili, moja nje ya jengo. Kompyuta ya zamani ichomolewe kwenye swichi na ibaki kabatini miezi sita na diski yake ikiwa haijaguswa, mpaka mhasibu amefunga hesabu za robo mbili kwa kutumia nakala mpya. Kadi ya mtandao, flopi ya mTCP na karatasi yenye zile namba tatu za NE2000 vikae kwenye bahasha moja juu yake. Parokia ya jirani itaviomba.